Shajara ya mradi: kusubu mkuku wa risasi, Kilifi

Jumapili, 12 Januari 2025

Chombo cha tanga ninachokiunda kimesimama juu ya magadi, magogo ya kukishikilia nchi kavu. Plaiwudi ya ubavuni imekwisha kupakwa epoksi, darumeti, yaani mbao za ndani, ziko mahali pake, na mkuku wa mvule, ule uti wa chini wa chombo, umenyooka toka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Kinachokosekana ni uzito. Mchoro unadai kilo 300 za risasi, ile metali nzito, chini ya mkuku, kwenye chombo cha mita 6.5 ambacho kikishapata watu na vitu vyake kitafika tani moja na kidogo. Kuanzia leo naandika habari za kusubu risasi tu, yaani kuiyeyusha na kuimimina ndani ya sanduku la umbo lake. Mlingoti na matanga vitangoja.

Wapitao njia huuliza kwa nini nisitie farumi ya mawe, yaani uzito wa kutuliza chombo, kama ilivyo desturi. Ni swali la haki, maana majahazi yamevuka hadi Uarabuni na kurudi yakiwa na mawe na mchanga ndani. Lakini jahazi lina tumbo. Changu ni chembamba, na lita moja ya jiwe la matumbawe ina kilo mbili hivi, kwa hiyo kilo 300 zingekula lita 150 za nafasi ambayo watu wanaihitaji kulala na kuweka maji ya kunywa. Tena mawe hukaa ndani, juu ya mkuku. Chombo kikilala sana huweza kuhamia upande wa demani, ule ulioinama, na hapo farumi inakuzamisha badala ya kukuinua. Risasi safi ina kilo 11.34 kwa lita. Kilo 300 ni lita 27 tu, nazo hukaa nje, chini ya kila kitu, zimefungwa kwa bolti. Zege nalo nililipigia hesabu: kilo 2.4 kwa lita, na likizama baharini maji huliondolea zaidi ya asilimia 40 ya uzito wake. Risasi hupoteza chini ya asilimia 10.

Mjomba, aliyejifunza ufundi wa vyombo Matondoni kule Lamu, alizisikiliza hesabu hizi kimya, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimezoea farumi ya watu." Alikuwa na maana ya mabaharia wanaokalia ubao uliotokezwa nje ya ubavu wa joshi, ule unaopigwa na upepo, wakati wa mashindano. Nikamwonyesha kwenye karatasi: risasi hii ikiwa sentimita 70 chini ya usawa wa maji, chombo kikilala nyuzi 30, itafanya kazi ya mtu mzima aliyekaa mita moja na nusu hivi kutoka katikati ya chombo, usiku na mchana. Akaigeuza ile karatasi, akaitazama tena, akasema tutaianza lini.

Jumamosi, 18 Januari

Risasi inakusanywa. Nyingi ni vile vipande vinavyobanwa kwenye rimu ili gurudumu lizunguke sawa. Mafundi wa magurudumu huvitupa ndoo kwa ndoo. Nyingine ni mabomba ya zamani na maganda ya nyaya za umeme kutoka kwa muuza vyuma chakavu mwenye leseni, na chubwi (vizito vya nyavu) kuukuu za wavuvi ambao sasa wana nyavu mpya.

Vipande vya rimu vinafaa sana kwa sababu vina antimoni kidogo ndani yake, na antimoni huifanya risasi iwe ngumu. Risasi tupu hujikunja ikigonga mwamba, na bolti hulegea ndani yake. Taabu ni kwamba siku hizi si vyote vya risasi. Vingine ni vya chuma, vingine vya zinki. Nimevichambua kimoja kimoja kwa koleo: risasi hung'atika na ikianguka sakafuni haina mlio, zinki haing'atiki na hulia. Cha chuma hakina neno, kitaelea kikaondolewa kwa upawa. Zinki ndiyo mbaya. Huyeyuka nyuzi 420, ambapo risasi huyeyuka nyuzi 327, kwa hiyo moto ukiachiwa uzidi, zinki inaingia na sufuria zima linakuwa zito kama uji, halimiminiki tena.

Betri sikuchukua hata moja, ingawa ndizo rahisi kupatikana na kila mtu ananiletea. Sahani za betri si chuma kitupu. Zimejaa tope la salfeti ya risasi na asidi, na ukizichoma juu ya moto wa kuni unatoa vumbi na moshi ambao hakuna barakoa ya dukani itakayokutosha.

Sisi wa pwani hatuhitaji kuhadithiwa jambo hili. Mtaa wa Owino Uhuru uko Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilipakana na nyumba za watu, moshi ukaingia vyumbani na maji machafu yakapita njiani, hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido aliongoza mapambano ya kukifunga baada ya mtoto wake mchanga kukutwa na risasi mwilini. Alikuwa ameajiriwa kiwandani humo humo. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi huko Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Lakini mtoto aliyedumazwa akili na risasi hafidiwi. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Mimi nina watoto nyumbani. Mradi huu hautaingia uani kwangu hata kwa kipande kimoja cha risasi.

Jumapili, 26 Januari

Mahali pamepatikana: machimbo ya mawe yaliyoachwa, mbali na nyumba, mbali na visima, wala hapalimwi. Mwenye eneo tumezungumza naye, na tumemweleza kila kitu kabla hajakubali. Kaskazi hapa huvuma kutoka upande mmoja asubuhi yote, na tutakaa upande wake ili moshi utuondoke.

Taratibu nimeziandika kwenye ubao na kila anayekuja anazisoma. Nguo za kazi na viatu vinabaki pale pale na vitafuliwa peke yake. Hakuna kula, kuvuta sigara wala kutafuna miraa ndani ya eneo lililozungushiwa kamba. Mikono na uso huoshwa kwa sabuni kabla ya kugusa chupa ya maji. Barakoa ni ile ya mpira yenye vichujio vya P100, vya kuzuia vumbi laini kabisa. Ya kitambaa haizuii kitu hapa. Mtoto haji, mjamzito haji. Mimi na wenzangu tumekwenda kupimwa damu kabla ya kuwasha moto, ili baadaye tuwe na cha kulinganisha.

Jumapili, 2 Februari

Kalibu. Ni sanduku refu la mita 1.8 lenye ncha zilizochongwa: upana wa juu milimita 160, wa chini 110, kina 120. Upana wa juu unazidi ili mkuku uweze kuchomoka. Umbo liko wima vilevile litakavyokuwa chini ya chombo, uso wa juu wazi.

Nimeongeza milimita 16 kwenye urefu. Risasi ikipoa kutoka kuganda hadi joto la kawaida hunywea karibu milimita 9 kwa kila mita, na asiyeihesabu atakuta bolti zake haziingii kwenye matundu ya mvule. Kwa sababu hiyo hiyo sikutaka kusubu bolti ndani ya risasi. Matundu yatatobolewa ikishapoa na kutulia. Isitoshe, chuma huelea juu ya risasi iliyoyeyuka. Bolti isiyofungwa imara ingepanda juu kama boya.

Ubao wenyewe ni plaiwudi ya milimita 18, tabaka mbili, imefungwa kwa skrubu na kuzungushiwa fremu za chuma cha pembe. Watu hudhani risasi hutulia tu ndani ya sanduku. Kwa kina cha milimita 120 inasukuma kila ubavu kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 140, na chini inakandamiza kilo 300 zote. Pembeni tutashindilia mchanga mkavu. Ndani nimepaka silikati ya sodiamu, ile ile wanayonunua watengeneza sabuni, mpako juu ya mpako. Inaacha ngozi ngumu kama kioo inayochelewesha ubao kuungua.

Kubwa kuliko yote ni ukavu. Tone la maji likifunikwa na risasi ya moto hugeuka mvuke na kutanuka takriban mara 1,700, na risasi yote iliyo juu yake inaruka usoni mwa watu. Kwa hiyo kalibu iko chini ya mabati, imeinuliwa kutoka ardhini, na kando yake nimeweka kipande cha plaiwudi ya namna ile ile kilichopakwa vilevile. Nakipima kwenye mizani ndogo kila jioni. Siku kitakapoacha kupungua uzito ndipo nitakapoamini kwamba kalibu imekauka. Mchanga wa kushindilia umekaangwa kwenye bati.

Jumatano, 12 Februari

Risasi yote imesafishwa na kuwa vipande. Tuliiyeyusha kidogo kidogo, moto mdogo, kipimajoto cha waya ndani muda wote, bila kuruhusu ifike nyuzi 400. Vile vipimajoto vya kulenga kwa mwanga havifai hapa, maana uso wa risasi unang'aa na hukupa joto la uongo. Vibanio vya rimu na vipande vya zinki vilivyotuponyoka vilielea, tukavitoa. Nta ya mshumaa ikitiwa na kukorogwa hurudisha antimoni chini badala ya kuitupa pamoja na uchafu.

Ule unga wa kijivu na njano unaobaki juu ndio wenye madhara kuliko risasi yenyewe. Ni oksidi, nyepesi, inapeperuka. Unaingia kwenye mkebe wa chuma wenye kifuniko na kuandikwa sumu. Hauzikwi, na mto wetu huu wa bahari hauonjeshwi.

Fundi wa kuchomelea ametengeneza sufuria la bamba la chuma la milimita 8, lenye miguu ya chuma cha pembe na bomba la kutolea chini. Nilimkatalia vali ya kawaida: ndani yake mna pete za tefloni ambazo hazihimili joto hili na hutoa gesi mbaya. Bomba la mabati nalo nililikataa kwa ajili ya zinki. Badala yake kuna kizibo cha chuma chenye umbo la karoti, kinachoketi kwenye tundu la chini na kuinuliwa kwa fimbo ndefu kutoka juu. Kimejaribiwa kikiwa baridi, kikasagwa kwa unga wa msasa mpaka kikaketi barabara.

Mvua za masika zikianza hatusubu tena hadi zipite, na Ramadhani inaanza mwisho wa mwezi. Mjomba amesema itakuwa kabla ya mfungo, kwa kuwa hawezi kumweka mtu mwenye saumu mbele ya tanuri kutwa.

Jumamosi, 22 Februari

Imesubiwa.

Kile kipande cha plaiwudi hakikupungua hata gramu moja kwa siku kadhaa, mbingu ilikuwa safi, kaskazi imetulia kwenye upande wake. Baada ya alfajiri tuliwasha kuni za mvinje chini ya sufuria na kupanga vipande vya risasi, vile vya chini vimeshikana vizuri na sufuria. Vilivyobaki tuliviweka kwenye ukingo vipate moto kwanza, maana kipande baridi huvuta unyevu hewani na hakifai kutumbukizwa.

Jambo linalowashangaza watu ni jinsi risasi isivyohitaji moto mkubwa. Kilo 300 kuzifikisha nyuzi 400 ni joto lile lile, kwa hesabu, la kuchemsha lita 70 hivi za maji, sawa na sufuria la pilau la harusi. Kinachokwisha ni subira. Mwanzo hakionekani kitu, kisha kipande cha chini kinaporomoka, na toka hapo rundo zima linashuka haraka. Kijana aliyekuwa kwenye kuni alitaka kuongeza. Mjomba akamshika bega: "Mwache apike mwenyewe, mwanangu." Tulishika nyuzi 390 na kutoa kuni nusu.

Wakati huo kalibu ilikuwa imefunikwa kwa bati lenye makaa juu yake, ipate moto ndani. Bomba la kutolea lilipashwa kwa tochi ya gesi kutoka mwisho hadi mwisho, kwa sababu risasi huganda ndani ya bomba baridi na hapo umebaki na sufuria lililojaa na njia iliyoziba. Hapakuwa na ndoo ya maji karibu. Mchanga mkavu ndio uliokaa tayari kwa moto. Aproni za ngozi, suruali nje ya viatu ili risasi ikimwagika isiingie ndani, ngao usoni.

Nikavuta kizibo. Haitoki kwa kishindo. Inatoka nene na nyeupe kama fedha, bila sauti, na uzito wake unauona kwa jinsi inavyokwenda moja kwa moja kwenye ncha za kalibu na kupanda sawasawa. Bomba lilifika karibu na sakafu ya kalibu ili isirushe matone wala kuchanganya hewa. Ubao ulianza kutoa moshi, vimoto vidogo vya buluu vikatambaa ukingoni, tukaviacha. Kwenye kiungo cha tezi ulitoka uzi mwembamba wa risasi, ukagusa fremu ya chuma na kuganda hapo hapo. Hatukusimamisha hata mara moja. Risasi ikiganda kisha nyingine ikamwagwa juu yake, hazishikani. Unapata mkuku wa tabaka mbili unaofanana na mmoja kwa nje.

Kazi ngumu ilianza kalibu ilipojaa. Risasi ikiganda hupungua zaidi ya asilimia 3 ya ujazo wake, na pungufu hilo lazima litoke mahali. Kingo huganda kwanza, katikati ikabaki majimaji na kuanza kubonyea. Mmoja aliushikilia mwali wa gesi juu ya mstari wa katikati usigande, mimi nikaongeza kwa upawa kadiri ulivyoshuka, na kukoroga taratibu kwa fimbo ya chuma iliyopashwa moto ili hewa ipande. Tuliendelea hivyo mpaka uso wote ukafifia kutoka kung'aa hadi kijivu. Kisha tukafunika kwa bati na kuiacha. Mlinzi amelala huko, upande wa upepo.

Jumatatu, 24 Februari

Imefunguliwa ikiwa baridi kabisa. Ubao umeungua kwa milimita chache tu upande wa ndani. Mkuku ulichomoka kwa mapigo machache ya nyundo ya mbao, ukainuliwa kwa kapi ya mnyororo kwenye nguzo tatu za mvinje. Pembe ni kali, mbavu laini, hakuna shimo la hewa linaloonekana. Nilichokuwa nikikiogopa, mstari wa tabaka, hakipo. Nimeugonga kwa nyundo kutoka omo hadi tezi na mlio ni mmoja. Kwenye mizani ya kuning'iniza ni kilo 304. Urefu umeshuka hadi ule wa mchoro, ukizidi kwa milimita moja.

Uso wa juu una bonde dogo katikati, chini ya milimita 4. Randa ya umeme yenye meno ya kabaidi inaukwangua vizuri ikipewa mafuta kidogo. Tumetandika turubai, maana inatoa magamba, na yote yatakusanywa. Msasa haugusi risasi hii kamwe, kwa sababu ya vumbi.

Jumapili, 9 Machi

Tunafanya kazi kidogo alasiri, kabla ya kufuturu. Matundu sita ya milimita 17 yametobolewa kwa ajili ya bolti za milimita 16. Keekee ikienda kasi, risasi inajivinga kwenye ncha na kuishika, kwa hiyo ni mwendo wa polepole, mafuta ya taa, na kuichomoa kila baada ya sentimita moja au mbili kutoa magamba. Chini nimefukua visahani vya nati, vitakavyozibwa baadaye.

Bolti ni chuma cha pua cha 316. Ningependa bronzi ya silikoni, lakini ukubwa huu haukupatikana. Chuma cha pua hakipendi kufungiwa kwenye unyevu usio na hewa, ndipo kinapoliwa, kwa hiyo matundu ya mvule yamejazwa epoksi na kutobolewa upya, bolti zisiguse mti wala maji.

Jumamosi, 5 Aprili

Idi imepita, mawingu yanakusanyika. Mkuku umesukumwa chini ya chombo juu ya mabomba ya kuviringishia, ukainuliwa kwa jeki nne kidogo kidogo. Kabla ya hapo uso wake ulisuguliwa kwa brashi ya waya huku ukiwa umelowa epoksi: risasi mpya hushika kutu upesi, na kwa njia hii epoksi inaugusa uso safi na vumbi linanaswa humo humo. Kati ya risasi na mvule kuna tandiko la sika, gundi laini ya kuziba maji. Lilipominywa lilitoka pande zote kwa mstari usiokatika, na mjomba alitembea nalo kwa kidole kutoka omo hadi tezi akilikagua.

Damu tumepimwa tena. Majibu ya wote yako chini ya mikrogramu 5 kwa desilita, hayajapanda kupita yale ya kwanza. Mkebe wa unga na turubai la magamba vimechukuliwa na mwenye leseni. Ardhi ya machimbo tumeikwangua pale palipodondoka risasi.

Nati zitakazwa tena baada ya majuma machache, kwa sababu risasi hulegea polepole ikibanwa muda mrefu. Ndiyo maana washa ni pana na nene milimita 8, na nati za juu zinafikika ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, bila kubomoa kitu. Sasa naanza usukani.